Safu ya Majina Mawili

Jumatatu, 2 Oktoba 1995. Mahege

Vikopo vimeoshwa, vimeanikwa juani. Hadubini ipo dirishani, kioo chake kimeelekea jua kwa sababu umeme hapa hakuna. Kesho duru ya mwisho. Watoto wataruka kamba kwanza, kisha watakojoa saa sita mchana, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi saa hizo. Aprili niliwapima, nikawapa vidonge; Mei nikarudi kuwaangalia, wengi walikuwa safi. Sasa nataka kujua nani kabaki mzima.

Si kujua tu. Kuna ruzuku ya utafiti. Miaka miwili unafanya kazi chini ya profesa, mitatu inayofuata unasimama mwenyewe. Maabara yako, wanafunzi wako, nafasi ya uhadhiri. Mkuu wa idara kaniambia wazi: serikali imefunga ajira, nikija na ruzuku nafasi ipo, nisipokuja nayo haipo. Maombi yanapokewa ndani ya miaka mitano tangu mtu apate shahada ya udaktari. Mitano yangu inatimia Desemba. Karatasi ziwe mezani kwa mkuu tarehe 25, azitume kwa faksi.

Nina miaka thelathini na saba na bado naazima meza ya mtu.

Jumanne, 3 Oktoba

Balaa.

Nimeita majina shuleni. Wasichana wameitika. Wavulana wadogo wameitika. Nikaita Seifu. Kimya. Juma. Kimya. Nikadhani hawasikii, maana barabarani ilikuwa inapita gari ya kampeni na spika zake. Nikarudia kwa sauti kubwa. Mvulana mmoja akasimama, machozi ya hasira yanamtoka, akaondoka. Wengine wakainamisha vichwa.

Mama mmoja ndiye aliyenivuta pembeni. Juni waliingia jando. Wametoka na majina mapya. Lile la zamani ni la mtoto aliyeachwa porini, na kumwita nalo aliyekwisha kutoka kambini ni tusi.

Arobaini na mmoja. Nusu ya daftari langu.

Mimi mzaliwa wa Kibiti! Lakini nilitahiriwa hospitali, Dar, nina miaka minne. Kambi sikuingia. Na Aprili, kwa haraka zangu, niliandika jina moja moja na umri. Jina la baba niliona ni kupoteza wino. Mpumbavu.

Vikopo vyao nimevipokea kwa majina mapya. Wa Aprili wako huku, wa leo wako kule, na sijui nani ni nani.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimezunguka nyumba kumi na mbili. Akina mama wananikaribisha, wananipa maji, nikifika kwenye swali la jina la zamani wanatazama chini. Baba mmoja kanitoza kuku wa kuomba radhi kwa niliyoyafanya shuleni. Nimetoa.

Mwalimu hana msaada. Kahamishiwa hapa Julai, kakuta daftari la shule lina majina mapya tu.

Kwa Mzee Ngwele nimeshinda saa nzima. Yeye ndiye kungwi wa kambi ile, na majina mapya kayatoa yeye. Ni fundi cherehani sokoni, anapunguza suruali za mitumba. Kanisikiliza na pini mdomoni. Nimemweleza ruzuku, chuo, tarehe. Akazitoa pini moja moja.

"Wewe mwenyewe hujaingia," kasema. "Nikwambie nini?"

Namchukia. Nimeona haya pia.

Jumamosi, 7 Oktoba. Kibiti

Nimekuja kwa shangazi. Kanipikia wali na kamba wa mtoni, nimeshindwa kula. Nimemwambia yote. Kacheka mpaka kajifuta macho na kanga. Halafu kaacha kucheka, kaniuliza nikikosa hiyo ruzuku nitakuwa nani.

Muuza dawa, labda. Rafiki yangu niliyesoma naye kafungua duka la dawa Kariakoo, soko huria limemnyookea. Ananitaka nikamuuzie dawa za kikohozi. Udaktari mzima.

Jumatano, 11 Oktoba. Mahege

Barua ya mkuu wa idara imeletwa na kondakta wa basi. Mistari mitatu. Kuna mwombaji mwingine, karatasi zake ziko tayari. Zangu zikichelewa hatanisubiri.

Nimejaribu kupanga matokeo ya wasichana na wadogo peke yao. Hayatoshi. Yanaonekana kama kazi ya mtu aliyekata tamaa katikati.

Nimekata tamaa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Nimewaoanisha mwenyewe. Kwa umri na kwa kubahatisha. Aliyekuwa na damu kwenye mkojo Aprili, nimempa jina la aliye safi leo. Walio na mayai leo nimewapa majina ya wale waliokuwa hoi kupita wote, ili ionekane angalau wamepungua. Yametoka matokeo mazuri ajabu. Vidonge vinafanya kazi. Mstari unashuka kama unavyotakiwa.

Hakuna atakayejua. Kijiji kizima kimekula yamini kutotaja majina ya zamani.

Sikwenda msikitini. Nimelala mchana kutwa.

Jumapili, 15 Oktoba

Shangazi kaja kwa basi bila taarifa. Hakupita kwangu, kaenda moja kwa moja sokoni kwa Mzee Ngwele. Wao ni watani tangu utoto. Nasikia kamkalia pale kwenye cherehani, kamtania mbele ya wateja: kungwi gani huyu anayemwogopa daktari mwenye kalamu ya risasi. Alasiri wakaja wote wawili. Mzee kanuna.

"Wanangu wanakojoa damu, na ninyi mnashindana kwa majina," shangazi kasema. Nilitaka kumwambia kwamba dawa haihitaji majina, mtoto yeyote mwenye mayai nitampa vidonge kwa jina lolote. Mimi ndiye ninayeyahitaji. Nikamfungulia mzee daftari.

Mzee katazama daftari langu muda mrefu.

"Mdomo wangu hautatamka," kasema. "Kidole sijakatazwa."

Nimemshika mkono. Kisha akasema hizi herufi zangu hazijui. Kasoma chuo cha Kurani tu, kwa herufi za Kiarabu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeandika majina arobaini na moja kwa herufi za Kiarabu. Tangu nilipokuwa na miaka tisa sijaandika hivi. Seifu kanitoka vizuri. Nimeharibu Chande mara nne. Shangazi kakaa mkekani ananisahihisha, ananiita kwa jina langu la utotoni. Hana jingine la kuniita.

Jumanne, 17 Oktoba

Mlango umefungwa. Mzee Ngwele, mimi, karatasi. Anatafuta jina kwa kidole, anakigandisha juu yake, halafu anatamka jina jipya. Mimi naandika. Hakutamka la zamani hata moja. Kila baada ya matano anapumzika, anavuta ugoro.

Kwenye jina la ishirini na kitu kidole kilikaa sana. Nilidhani kasahau. Kumbe ni mjukuu wake.

Nimelia baada ya yeye kuondoka. Kwa furaha, nadhani.

Alhamisi, 19 Oktoba

Si furaha tena.

Nimeoanisha upya, safari hii kweli. Matokeo mabaya. Watoto kumi na saba waliotakasika Mei, niliporudi kuwaangalia, leo wana mayai tena. Wote wa kambini. Mmoja ni mjukuu wa mzee. Nimerudia kutazama mpaka jua likaondoka kwenye kioo.

Nilikwenda kumwuliza mzee waliogea wapi kambini. Kasema bwawani, kule chini, ndiko walikoogea hata babu zao. Nimeteremka bwawani. Konokono wanaobeba kichocho wamejaa kwenye mayungiyungi. Niliokota tisa bila hata kuinama sana.

Sasa nina karatasi mbili. Ya Ijumaa ile ni nzuri na ya uongo. Ya leo ni ya kweli, na inasomeka kama vile dawa imeshindwa. Bwawa halikuwamo kwenye mpango wangu, wala sina nafasi ya kulieleza vya kutosha. Fomu inataka kurasa tano tu.

Jumatatu, 23 Oktoba. Ikwiriri

Basi la Dar lilichelewa. Nimekaa kwenye benchi la nyumba ya wageni, bahasha mbili mapajani. Jasho. Wachuuzi wa ufuta wanapakia magunia. Mara tatu nimempa kondakta ile nzuri, mara tatu nikairudisha. Kaanza kunicheka.

Nilikuwa naona kidole cha yule mzee juu ya jina la mjukuu wake.

Nimempa ya kweli. Basi lilipopinda nilitaka kulikimbilia. Nimeichana ile nyingine, nimeitumbukiza chooni. Sijisikii mwema. Najisikia mjinga.

Jumamosi, 17 Februari 1996. Mahege

Jibu lilifika Jumatano. Hapana. Wamesema ufuatiliaji hauridhishi na hoja ya bwawa imekuja kwa kuchelewa. Kapata yule mwingine. Mkuu wa idara anasema naweza kurudi kwenye meza yangu ya zamani, kwa mwaka mmoja, tuone. Kuomba tena siwezi, miaka imepita.

Nililia Jumatano na Alhamisi. Leo sikulia.

Mwezi wa kufunga umekaribia mwisho. Asubuhi nilimkuta Mzee Ngwele ana foleni ya nguo za sikukuu. Hakuinua kichwa. Kaniambia amekaa na wenzake, na kambi ya mwaka huu haitakuwa bwawani, itakuwa juu, karibu na kisima cha shule. Kanitaka nikapaone mahali penyewe kabla hawajafyeka.

Tumekwenda kwa miguu, taratibu, kwa sababu ya saumu. Panafaa. Maji ni ya kuteka kwa ndoo, konokono hakuna.

Mchana nimefungua daftari jipya na kuchora mistari. Namba, umri, jina la baba. Kwenye safu ya jina nimeacha nafasi ya majina mawili.