Yaya, Yule Bwana Hakusema Hivyo

Yaya Sifa, dada yangu wa kwanza,

Simu ya juma lililopita niliikata mimi. Usimwambie shemeji kwamba ni mtandao. Niliikata kwa kidole changu, nikakaa mlangoni mpaka Feza akatoka kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa, lete daftari. Ni yeye binti yangu anayeandika. Kiswahili changu anakinyoosha kama alivyofundishwa shuleni, lakini maneno ya watu nimemkataza kuyagusa. Yatakaa kama yalivyotoka mdomoni, hata “njo” yetu ya “ndiyo”.

Nianze na mema, maana yalikuwepo, na hayo ndiyo yanayoniuma zaidi.

Unakumbuka vita ilipokata reli? Baba alikuwa ameondoka na gari moshi kuelekea Kabalo, akabaki huko, na hatukumwona tena. Tukawa watatu: mama, wewe na mimi. Chumvi ilipokosekana hapa Kindu, ulikuwa unarudi na kidogo kwenye kiganja, sijui ulikoitoa, unalamba upande wako kisha unaniachia mwingine. Mvua ikijaza njia ya shule ulinibeba mgongoni, mimi wa miaka kumi na mmoja, miguu yangu inakokota matopeni, wewe unacheka unasema nimekuwa mzito kuliko gunia la muhogo.

Na vitabu. Kila asubuhi kabla ya kengele ulinikalisha kwenye ukuta wa veranda, ukanisomea ukurasa wa siku hiyo. Mara moja tu. Darasani mwalimu akiniita nilisimama, nikashika kitabu, nikasema ukurasa wote bila kukosa neno. Sikuwa nasoma, yaya, na wewe peke yako ulijua. Kwangu herufi zilikuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Uliniambia, “Kichwa yako iko sawa na kaseti, Mwayuma. Kinachoingia hakitoke.” Ndivyo nilivyofika darasa la tano. Siku mwalimu alipofunua ukurasa mwingine kwa ghafla, nami nikaendelea kusema ule wa jana, darasa zima lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Wakati wa mapumziko uliwafuata waliocheka, mmoja mmoja. Mwingine ulimrarua shati.

Ndipo akaja yule bwana kutoka Kasai, mrefu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni katika joto lile. Mapadri walimpa chumba nyuma ya parokia ili apime watoto walioshindwa masomo, ajue nani anasumbuliwa na hofu ya bunduki, nani na njaa, nani na shida nyingine. Alisema Kifaransa. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mwalimu akaandika jina langu, na wewe, uliyekuwa sekondari, ukaitwa uwe mdomo wangu.

Nilikipenda kile chumba. Tangu vita ianze hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniuliza swali kisha akangoja jibu. Alinipa vibao vyekundu na vyeupe nivipange kama picha yake, nikavipanga, akanipa picha ngumu zaidi, nikavipanga. Akasema namba nizirudishe kinyume, ukawa unatafsiri: tatu, nane, moja. Nikasema: moja, nane, tatu. Akaongeza namba ya nne, ya tano, ya sita. Mwisho akaweka mbele yangu mistari ya kusoma, na siafu wakaanza kutembea. Nililia. Akafunga kile kitabu mara moja, akanipa maji.

Juma lile lile mama alikuwa ametuambia, anatwanga sombe, majani ya muhogo, bila kututazama: “Mugongo yangu imekwisha. Mumoja wenu ataacha masomo, anisaidie shamba ya Mikelenge. Tungojee kwanza ule bwana atasema nini juu ya Mwayuma.” Wewe uliinuka ukaenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Tulipoitwa kusikia majibu, mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Yule bwana alisema kwa muda mrefu. Alikuwa ananitazama mimi, si mama, na alikuwa anatabasamu. Alipomaliza kusema, wewe ulikuwa umetazama miguu yako. Mama akauliza, “Anasema nini?”

Ukasema, “Anasema Mwayuma hana kichwa ya masomo.”

“Vile tu? Amesema maneno mingi.”

“Anasema usimupoteze bure. Abaki nyumbani, afanye kazi ya mikono.”

Mama akasema, “Basi. Mungu njo alimupa vile.” Yule bwana akadhani amekubali. Akampa mkono, akampa na karatasi yenye muhuri iliyokunjwa mara nne. Njiani nilikuuliza mbona alikuwa anacheka wakati anasema mabaya yangu. Uliniambia watu wa ofisi wote wako hivyo. Nami nikakuamini, kwa sababu ulikuwa mdomo wangu, na nani asiyeuamini mdomo wake?

Kuanzia Jumatatu hiyo nilishika jembe. Unajua njia ya mashamba ilivyokuwa siku zile, unaondoka na wanawake kumi, mnahesabiana wakati wa kurudi. Nilibeba muhogo na wewe ukabeba daftari. Sikukuonea wivu, nakuapia. Nilikuwa nafua sare yako. Watu wakiniuliza kwa nini sisomi nilisema maneno yako yale yale: sina kichwa. Niliyasema kwa mume wangu kabla hajanioa, ili asije akadai amedanganywa. Reli ilipofunguliwa ukapanda gari moshi na diploma yako kwenda Lubumbashi, ukawa mwalimu. Mimi nilisimama pembeni ya reli, Feza mgongoni, nikapiga vigelegele kuliko wote.

Sasa nikueleze jinsi nilivyojua, maana kwenye simu hukuniacha nimalize.

Mwanangu Baraka ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Anajua kutengeneza redio iliyokufa. Ukimtuma sokoni vitu tisa analeta tisa. Lakini mpe mstari mmoja wa kusoma, jasho linamtoka puani. Direkta wa shule alishaniita mara mbili. Mara ya tatu akasema, “Mama, huyu mutoto tumuondoshe tu. Ni kichwa ngumu.” Yalikuwa yale maneno, yamerudi kumchukua mwanangu.

Mwalimu wake, kijana mwenye huruma, akanielekeza kwa dada mmoja anayepima watoto wenye shida ya masomo. Amezaliwa hapa hapa Mikelenge, kasomea Kisangani. Aliniambia nilete karatasi zote za mtoto na za ukoo, za kliniki, za ubatizo, chochote. Wewe unatujua. Nilibeba mfuko mzima wa mama kama nilivyourithi: kadi za ubatizo, kadi ya baba ya reli, na ile karatasi yenye muhuri. Sikuwa nimeionyesha kwa mtu yeyote maishani, hata kwa mume wangu, hata kwa Feza. Nani anatembeza cheti cha ujinga wake?

Nilikaa nyuma ya Baraka wakati wa kupimwa. Yule dada akasema, kwa Kiswahili chetu, “Nitakuambia namba, unirudishie kwa kinyume.” Alipofika namba ya tano midomo yangu ikaanza kusema yenyewe. Akanitazama.

“Mama, ulishafanyaka hii testi?”

“Niliifanya wakati ya vita. Nilishindwa.”

Alimaliza na Baraka, akamtuma nje akanywe maji, akaanza kupitia mfuko. Alipofika kwenye karatasi yangu aliisoma, akarudi juu, akaisoma tena.

“Nani alikuambia ulishindwa?”

“Karatasi njo inasema.”

“Hapana, mama. Sikiliza, nikusomee.”

Na akanisomea, polepole, kidole kwenye kila neno. Kwamba mtoto huyu ana akili kupita wengi wa umri wake. Kwamba ugonjwa hana na uvivu hana, shida yake ni herufi tu, na shida hiyo ina njia zake. Afundishwe kwa sauti na kwa mikono, apewe muda. Asiondolewe shuleni kwa sababu yoyote. Kisha mstari wa mwisho. Nilimwomba aurudie mara tatu, hata Feza sasa anaujua kwa moyo: “Ana dada mkubwa anayempenda na anayesoma vizuri. Huyo dada anaweza kumfundisha nyumbani kila siku.”

Yaya. Alikuandika wewe. Ulisimama pale ukasikia anakusifu, ukageuka kwa mama ukasema sina kichwa.

Kama angelikuwa mtu mwingine ningelisema hakujua. Lakini wewe ndiye uliyenisomea mara moja ukaona kinachoingia kichwani mwangu hakitoki. Dunia nzima ilikuwa na haki ya kukosea juu yangu, ila wewe.

Nilipokupigia ulisema, “Ilikuwa vita, Mwayuma.”

Nikakuuliza, “Vita njo ilikuwa inatafsiri?”

Ukalia. Ukasema mama angelikuondoa wewe, kwa kuwa ulikuwa tayari unajua kusoma na kuandika, na hiyo ingemtosha. Ukasema ulikuwa na miaka kumi na sita, na wasichana walioacha masomo walikuwa wanachukuliwa na askari. “Niliogopa,” ulisema. “Niliogopa sana.”

Hilo naliamini. Niliwaona wale wasichana, mmoja alikuwa jirani yetu. Lakini mimi nami nilikuwa msichana, na ulinipeleka kwenye ile njia ya mashamba ili usipite wewe. Ungeliniambia miaka ile, baada ya bunduki kunyamaza, ningelikuwa bado na umri wa kurudi darasani. Uliniacha nipige vigelegele.

Nikakuuliza jambo moja tu: karatasi ni fupi, na yule bwana alisema maneno mengi. Alisema nini tena? Ukajibu, “Nimesahau.” Hapo ndipo nilipotaka kukata simu, ila ulikuwa bado unaongea. Ukasema nikutumie Baraka huko, utamfundisha mwenyewe, utamlea kama wako. Hapo ndipo nilipokata.

Jibu langu ni hapana. Najua wewe ni mwalimu mzuri kuliko wengi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wako wa kwanza, na bado nasema hapana.

Juzi walituita shuleni kwa majibu ya Baraka. Direkta, mwalimu, yule dada, mimi na mtoto. Direkta akaanza kwa Kifaransa, kama desturi yao. Nikainua mkono kama mtoto wa shule, nikasema, “Museme Kiswahili. Ni mutoto wangu. Sitaki mutu wa kunitafsiria.” Direkta alikohoa, akatazama dirisha, kisha akasema Kiswahili. Kumbe anakijua vizuri tu. Wakaeleza yote, na Baraka alikuwa amekaa hapo hapo anasikia kwa masikio yake. Atabaki darasani. Mwalimu atamwuliza masomo kwa mdomo. Mara mbili kwa juma atakwenda kwa yule dada kujifunza herufi kwa kuzichora na kuzigusa.

Tukiwa njiani akaniuliza, “Mama, njo kusema mimi si mujinga?”

“Njo kusema vile.”

Akakimbia mbele. Akarudi. “Na wewe?”

Nilimshika mkono, yaya, tukaendelea kutembea.

Umeuliza kama nitakusamehe. Sijui. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo leo, sitaki kukupamba. Ninapokufikiria naona chumvi kwenye kiganja, kisha namwona mama anasema Mungu njo alimupa vile, na vyote viwili ni wewe.

Lakini kuna kitu hukijui, kwa sababu ulifika baada ya maziko ya mama. Siku zake za mwisho mama hakulia kwa maumivu. Alinishika mkono akasema, “Sifa sina wasiwasi naye. Ni wewe. Nitakuacha na nani, mwanangu, wewe usiye na kichwa?” Nilimpangusa uso nikamwambia asiogope, Sifa yuko.

Mimi nimeshasomewa. Mama hajasomewa. Ukija Kindu usipitie kwangu kwanza. Nenda kwenye kaburi lake, usimame mbele yake kama ulivyosimama siku ile, umtafsirie upya.

Mimi mdogo wako,
wa mgongoni kwako.