Kibali cha Kuuza Mboga Kimekuja

Baba Tulia,

Chai iko kwenye chupa. Maandazi ~~yameisha~~ yako juu ya friji, nimekubakizia manne.

Ukirudi kutoka kutia gari mafuta, usiende ofisi ya jimbo kule Saint Paul na lile furushi la fomu. Asubuhi uliponicheka, "Kibali cha kuuza mboga kwa kompyuta? Acha utoto!" kwa kweli niliumia. Fomu ya mwaka jana ilirudishwa mara mbili kwa sababu ya mwandiko wako, siyo wangu.

Basi nilimwita Tulia, akafungua tovuti ya jimbo. Akauliza ukubwa wa shamba letu la Woodbury na tunalima nini. Mchicha, mnavu, bamia. Kwenye jina la mkulima akaandika lako tu. Nikamwambia, "Ongeza la mama yako, jembe nashika na mimi." Kabla basi la shule halijafika, kibali kilikuwa kwenye barua pepe! Nimekichapa, kiko hapa chini ya sahani. Soma majina yote mawili, kwa sauti.

Jirani yetu Mama Irene amenipa lifti, nimetangulia shambani kupalilia. Siku yako ya mapumziko imeokoka, kwa hiyo njoo na ndoo mbili, tuvune wote.

Mkulima mwenzako,
Mama Tulia