Zinia za harusi ya wifi

Shoga, uko hapo? Niache nipumue kwako kabla sijapasuka.

Maua yangu ya zinia yamekwisha. YOTE. Yale ya shada la wifi, na harusi ni kesho!

Nimetoka kazini, nafika uani nakuta vijiti vitupu. Hakuna hata ua moja la dawa. Mume wangu kasimama na mkasi, anatabasamu kama mtu anayesubiri zawadi.

"Nimekusaidia," anasema. "Si ulinifundisha mwenyewe? Ukikata kichwa, mmea unatoa maua mengi zaidi."

Kweli nilimfundisha. Lakini wakati ule ilikuwa MICHE, shoga! Midogo, haijanifika hata magotini!

Nikamuuliza, "Na hayo mengi yatatoka lini?"

Akajibu bila wasiwasi, "Si kesho asubuhi?"

Kesho asubuhi! Kama uyoga!

Na yale aliyokata yamo kwenye pipa la taka, vichwa tu, hata pa kushika hapana.

Nimekosa hata machozi. Mara simu ikaita. Bibi harusi mwenyewe.

Nimempa kaka yake apokee. Amwambie yeye yatachanua lini.