Mkojo wa Kasimu

Jumatano, wodi ya watoto ya Waafrika. Mvua tangu alfajiri.

Uniwie radhi, shajara yangu, muda wote huu sijakushika. Moyo ndio nilioukosa. Leo mwanangu Zuhura amelala bila kuomba maji, basi naandika.

Mume wangu Rajabu anasomea kazi ya maabara hapa hospitalini. Wanatia matone ya mkojo kwenye dawa ya buluu, wanachemsha. Ikigeuka rangi ya tofali, mwenyewe ana sukari. Mtihani ulipokaribia akataka kupima ukoo mzima. Mdogo wake Kasimu, aliyetoka Kimbiji kututembelea na kuondoka hataki, kila siku akawa anamtania:

"Mpishi wa mikojo! Leo umeunga nazi?"

Maneno tele, chupa hatoi. Kwake yeye, kumpa mtu mkojo wako ni kujipeleka kwa mchawi. Mwanamume mzima na ndevu zake.

Mwishowe akatoa. Jumapili moja Rajabu akaja nyumbani Temeke uso umemshuka. "Kasimu, una kisukari. Tena kikali." Mama mkwe akaangua kilio. Kasimu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huo si wangu! Nimechota kwenye kopo la kukojolea la Zuhura! Haya, huo ndio usomi wenu!"

Wote wakacheka, mama mkwe na machozi yake usoni.

Rajabu hakucheka.

Mwanangu ana miaka minne. Alikuwa akigugumia maji kutwa, akilowesha kitanda, mbavu zimemtoka. Mama mkwe akasema namdekeza, achapwe. Sikumchapa. Na huyu fundi wa sukari alipima hadi majirani, binti yake akimpita mlangoni na kata ya maji mkononi! Mtihani kafaulu. Sijampa hongera.

Sasa nasikia Kasimu anatamba barazani kwamba yeye ndiye aliyemwokoa mtoto. Anangoja ashukuriwe!

Sindano ni asubuhi na jioni. Nampulizia paja, namwambia tumemaliza, mama. Nesi ananifundisha kuchoma mwenyewe. Jana alinishika mkono. Leo nimechoma peke yangu.

Kesho Rajabu anakwenda Temeke, nimemwagiza. Kanga mbili. Kikombe cha bati cha Zuhura. Mkeka mdogo. Mafuta ya nazi. Visheti vya mama mkwe vibaki hukohuko. Na chupa moja ya mkojo wa Kasimu, wake mwenyewe, akojoe huku Rajabu amesimama anamtazama.