Jiwe Lenye Matundu

Jumatatu, 6 Novemba 1995
Darasa la sita, volkeno tena. Nimewaeleza zinakotokea: pale ganda la dunia linapopasuka na kuachana, kama kwenye Bonde la Ufa, au pale mabamba mawili yanapogongana, moja likazama chini ya jingine. Aina zake nafundisha kwa uji. Uji mwepesi hutiririka mbali, huacha mlima mpana kama ngao. Mzito hujirundika, huziba tundu, kisha hulipuka. Hujenga mlima mrefu wa matabaka. Wamecheka.
Sina hata jiwe moja la kuwaonyesha. Hapa Mishamo, makazi yetu ya wakimbizi, kote ni udongo mwekundu. Mwanangu Melkiori alipoondoka kwenda Goma, mji ulio chini ya volkeno, kuuza vipuri vya baiskeli, nilimsindikiza hadi barabarani, nikamwagiza aniletee moja. Jeusi, lenye matundu. Tulikuwa sisi wawili tu, hakuna mwingine aliyesikia.

Jumatano, 8 Novemba
Dereva wa lori katoka Mpanda mjini. Anasema huko mtaa wa Kawajense wanasema Melkiori amefariki. Kuhara. Kasikia kwa mtu. Mtu gani? Hajui.
Mke wangu Debora kasukuma jembe lake uvunguni mwa kitanda. Kwetu Burundi nyumba yenye msiba hailimi, na desturi hiyo tulikimbia nayo.
Mimi siamini. Mwanangu wa pekee hafi kwa maneno ya dereva.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimelima. Kulima ni kusema yuko hai.
Majirani walisimama njiani kunitazama. Mama Yolanda hakujizuia: "Mzee, nyie wasomi hamfiwi?"
Nikaendelea kulima.

Ijumaa, 10 Novemba
Mvua kubwa. Nimelima humo humo. Viganja vimetoka malengelenge.
Debora analia tangu juzi, sauti imemkauka. "Baba Melkiori, weka jembe," ananiambia. "Unamzuia mtoto kupumzika." Yeye ni uji mwepesi. Mimi nimeziba.
Namchukia kwa kuamini upesi. Ni chuki ya kijinga. Naiandika ilivyo.

Jumapili, 12 Novemba
Zabroni kafika kwa baiskeli, kakonda. Ndiye aliyekuwa akiuza vipuri pamoja na Melkiori. Homa ilimlaza Kawajense, habari ikamtangulia.
Alinikuta shambani. Akasema huko Goma walishindwa kuchimba kaburi, sululu ilikuwa inadunda. Nilijua sababu kabla hajamaliza. Mji ule umekaa juu ya lava iliyoganda. Lava nyepesi, ya kufika mbali. Walimfunika kwa mawe.
Kisha akatoa jiwe mfukoni. Jeusi, jepesi, limejaa matundu ambamo gesi ilikuwemo.
"Kasema nikupe, mzee. Hakusema la nini."
Jembe nililiacha pale pale kwenye tuta. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka kilio. Kilikuwa changu.

Jumatatu, 20 Novemba
Jana tumemaliza siku za msiba. Pombe ya mtama, maneno machache, watu wakaenda makwao.
Leo alfajiri Debora katoa jembe lake uvunguni. Langu alilifuata shambani, limeshika kutu. Tumepanda mahindi, kila mtu kwenye mstari wake.
Baadaye nikaenda darasani. Jiwe limepita mkono kwa mkono, dawati kwa dawati. Msichana wa mbele kauliza nani aliniletea.
Nikasema, mwanangu.
Liliporudi kwangu lilikuwa na joto la mikono yao.