Wangechi Wawili Bandarini

Mama mpendwa,

Hujambo wewe, na baridi ya mwezi huu inakutendeaje? Goti lako nalo? Mimi mwili ni mzima, chakula nakula, namshukuru Mungu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu tukiongea Wanjira wajina wako huwa amekaa hapo karibu nawe, na haya si ya masikio yake. Mwenzangu wa Embu amemaliza mkataba, ndiye nimempa barua hii akupitishie hapo Kagio.

Mama, kuna jambo limenikaa kichwani na haliniachi.

Unajua kazi yangu humu melini ni kuangalia watoto katika chumba cha michezo, wazazi wakienda kuogelea. Tangu korona sheria imekuwa kali. Kila aliyefika miaka kumi na miwili lazima awe amechanjwa. Walio chini ya hapo wanapimwa tu. Tulipokuwa Southampton, kule Uingereza, niliitwa mlangoni kwa sababu beji yangu imeandikwa Kenya. Familia ya watu wa kwetu wanaoishi huko ilikuwa imekwama: baba, mama, msichana, na nyanya aliyetoka Kerugoya kuwatembelea. Msichana alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili juzi tu. Wazazi walihesabu umri wa siku waliyokata tiketi, kumbe meli inahesabu wa siku ya kupanda. Na mtoto hajachanjwa.

Nyanya hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Yeye na mjukuu wote ni Wangechi, si unajua vile tunapeana majina, mtoto akawa ni nyanya yule yule.

"Mwambie huyu mzungu sisi ni jina moja," akaniambia. "Mimi nilidungwa Kerugoya mara mbili. Moja ni yangu, moja ni ya huyu."

Nilicheka, Mungu anisamehe, maana ni kitu ambacho hata wewe ungesema. Afisa hakucheka. Alisema mtoto hapandi, wengine waamue wenyewe. Baba akaangalia saa. Mama wa msichana akaanza kulalamika ati likizo hii wameingoja miaka. Wakabishana hapo, msichana akiangalia viatu vyake, mpaka nyanya akaokota mkoba wake. Na safari yenyewe ilikuwa ya kumpendeza yeye. Hakuwa amewahi kupanda chombo cha majini maishani mwake.

"Endeni nyinyi," akasema. "Mimi siwezi kujiacha hapa peke yangu."

Wakaenda kweli! Nilidhani yule mama angegeuka akifika katikati ya ngazi. Hakugeuka.

Nyanya aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Kagio.

"Na umeacha nani huko?"

"Wanjira."

"Mkubwa ama mdogo?"

"Wote wawili."

Akanishika mkono. "Basi wewe umeacha boma yote," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Tulipoondoka walikuwa bado wamesimama pale chini, yeye na kitambaa chake kichwani, mtoto amembebea mkoba. Hawakupunga mkono.

Tangu siku hiyo nawaona, Mama. Najua si wao, wao wako nyumbani wanakunywa chai. Lakini kila tukifunga kamba kwenye bandari mpya macho yangu yanashuka yenyewe, na wapo, mzee na mtoto, wananiangalia tu. Jana mzee alikuwa amevaa ile sweta yako ya kijani. Naogopa. Siku hizi tukikaribia nchi kavu nafunga pazia.

Yule mama wa msichana alikuja kwenye chumba changu cha michezo siku ya pili ya safari. Alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti juu, akaniuliza kama niliona mtoto akilia. Nilimwambia hakulia. Nilitaka sana kumchukia, nikashindwa. Yeye alimwacha wake wiki mbili. Mimi wangu nilimwacha na meno mawili, nikakuahidi miezi tisa, korona ikatufungia huku, halafu nikaongeza mkataba kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa mtoto anaanza shule.

Na juzi ulipompa simu nilimsikia akikurudishia wewe nyanya yake: "Cucu, shika. Ni ule mtu wa meli." Wewe ukakohoa ili nisisikie. Nilisikia.

Nimekataa mkataba mpya. Msimamizi aliuliza kama nimepata kazi kwingine, nikamwambia nina mtoto. Mwisho wa mwezi ujao niko nyumbani. Najua paa la jikoni bado, najua utasema ningevumilia kidogo. Tutalima maharagwe kama wengine.

Nisalimie kaka yangu fundi wa magari huko Sagana, shangazi na wenzake wa sokoni, mke wa mchungaji anayeniombea, na jirani anayekukamulia ng'ombe goti likikushika.

Ombi ni moja tu. Usimfundishe Wanjira kuniita mama kabla sijafika. Akinikuta mlangoni akuulize huyu ni nani, nakuomba unyamaze. Hilo niachie nimjibu mimi.

Ni mimi binti yako,
Nyakio