Herufi Nilizozikariri

Mjukuu wangu Salumu,

Marahaba. Huku Ilala hatujambo. Bibi yako ndiye anayeandika, mimi nasema tu, na tayari ameninunia kwa jinsi ninavyofoka.

Eti unaniuliza kupimwa macho kabla ya pambano kuna maana gani, wakati ngumi unapiga kwa mikono! Hivi una akili wewe?

Nami nilijifanya mjanja hivyohivyo. Siku ya kupimwa, mabondia wa klabu yetu ya Kariakoo tulipanga foleni, na kila aliyetoka alitunong'oneza herufi za kwenye kibao cha daktari. Nikazikariri. Daktari akaniziba jicho la kulia, nikazitaja zote bila kukosea, na hilo la kushoto lilikuwa limeshaanza kuona ukungu.

"Macho mazima," akasema. Tukatoka tunacheka. Nikapanda ulingoni tena na tena, mpaka la pili nalo likaanza.

Nenda kapimwe, Salumu, na usimdanganye daktari. Herufi zile mpaka leo nazikumbuka zote. Ila picha uliyotuma umevaa glavu, bibi yako ndiye aliyenisimulia.

Babu yako